Manowari Cambrian: asubuhi mizinga ya Mwingereza ilipolia tena Dar es Salaam

Alfajiri ya Jumamosi, Januari 25, 1964, mizinga ililia kutoka baharini kaskazini mwa Dar es Salaam. Meli iliyokuwa inapiga ilikuwa manowari ya Uingereza, HMS Cambrian. Bendera ya Mwingereza ilikuwa imeshushwa Desemba 9, 1961, miaka miwili na wiki chache tu kabla ya hapo, na sasa mizinga yake ilikuwa inanguruma tena kwenye pwani yetu. Aliyeomba meli hiyo ifanye hivyo ni Serikali ya Tanganyika yenyewe.

Maasi ya wanajeshi ya mwaka 1964 yamesimuliwa mara nyingi, na wazee wengi wanayakumbuka. Meli yenyewe haizungumzwi sana. Ilitoka wapi? Kwa nini ilikuwa karibu vile ilipohitajika? Na kama ilipiga mizinga, mbona kambi haikuvunjwa? Leo tunaifuata Cambrian tangu ilipoundwa hadi ilipokatwa vyuma chakavu, na njiani tutaona kwamba habari za manowari za Uingereza hazikuishia pwani. Zilifika mpaka hapa Tunduma.

Destroya ni meli gani?

Herufi HMS mbele ya jina zina maana ya meli ya Mfalme au ya Malkia wa Uingereza. Cambrian ilikuwa manowari ya aina inayoitwa destroya. Jina hilo lina historia yake. Mwishoni mwa karne ya 19 yalitokea maboti madogo yenye kasi yaliyobeba topido, silaha inayokwenda chini ya maji na kutoboa meli ubavuni. Boti moja la gharama ndogo liliweza kuzamisha manowari kubwa iliyogharimu fedha nyingi na miaka ya kazi. Waingereza wakaunda meli nyepesi zenye kasi kuliko maboti hayo, kazi yake ikiwa ni kuyawahi na kuyaharibu. Neno la Kiingereza la mwenye kuharibu ndilo likawa jina la meli. Baadaye nyambizi zilipoingia vitani, destroya zikapewa kazi ya kuzisaka na kulinda misafara ya meli za mizigo.

Kwa hiyo usifikirie mlima wa chuma. Cambrian ilikuwa na urefu wa mita 110 hivi, zaidi kidogo ya uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli. Ilikuwa nyembamba, na ikifunguliwa injini zote ilikimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Kwa basi hiyo ni kasi ya kawaida. Kwa chombo cha zaidi ya tani 1,700 kinachopasua maji ya bahari, ni kasi kubwa sana. Mizinga yake mikubwa ilikuwa ya inchi 4.5, ikirusha kombora la uzito unaokaribia kilo 25, sawa na mfuko mdogo wa unga wa sembe, na kulipeleka zaidi ya kilomita 15.

Nasi wa huku si wageni kabisa wa mambo haya. Mto Songwe unamwaga maji yake Ziwa Nyasa, na kwenye ziwa hilo, Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilikwenda hadi Liuli na kuipiga kwa mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Inasimuliwa kwamba nahodha Mjerumani hakuwa amepata habari kuwa vita imeanza. Alitoka kwa hasira kumuuliza mwenzake Mwingereza, rafiki yake wa kunywa naye, kama amelewa. Akachukuliwa mateka.

Kuzaliwa vitani, kisha miaka ya kukaa bure

Cambrian iliundwa Greenock, Scotland, kwenye karakana ya kampuni ya Scotts. Ilipoanza kujengwa mwaka 1942 ilikuwa iitwe Spitfire, kisha ikabadilishiwa jina pamoja na dada zake ili zote zianze na herufi zilezile mbili: Caesar, Caprice, Carron, Cavalier na nyinginezo. Cambria ni jina la kale la nchi ya Wales. Ilishushwa majini Desemba 1943 na kuanza kazi katikati ya mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto.

Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kwenye maji baridi ya kaskazini, pwani ya Norway na njia za misafara iliyopeleka silaha na vyakula Urusi. Mabaharia wa misafara hiyo walipambana na nyambizi za Wajerumani, na zaidi ya hizo walipambana na barafu iliyoganda juu ya sitaha hadi meli ikataka kupinduka kwa uzito.

Vita ilipokwisha, Uingereza ilijikuta na meli nyingi kuliko fedha za kuziendesha. Cambrian ikawekwa akiba kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitolewa, ikafanyiwa matengenezo makubwa, ikapunguziwa mzinga mmoja kati ya minne na kuwekewa vifaa vipya vya kulenga shabaha na kusaka nyambizi. Mwaka 1963 ikarudi kazini. Kwa meli ilikuwa na umri wa miaka ishirini tu, lakini kwa silaha tayari ilikuwa bibi kizee.

Wiki mbaya ya Januari

Turudi nyumbani. Januari 12, 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Wiki moja baadaye, usiku wa kuamkia Jumatatu Januari 20, wanajeshi wa Batalioni ya Kwanza ya Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, kaskazini mwa Dar es Salaam.

Jeshi lile lilikuwa dogo sana: batalioni mbili kwa nchi nzima, moja Colito na nyingine Tabora. Lilirithiwa kutoka King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliiita Keya. Jina lilibadilishwa wakati wa uhuru, lakini maofisa wengi walibaki Waingereza, na mkuu wa jeshi alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas. Askari wa kawaida alikuwa anaanza na mshahara wa shilingi 105 kwa mwezi. Madai ya waasi yalikuwa mawili yanayoeleweka: mshahara upande, na Waingereza waondoke ili Waafrika washike nafasi zao. Walidai shilingi 260.

Waliwafungia maofisa wao Waingereza, wakaingia mjini, wakashika Ikulu, uwanja wa ndege na kituo cha redio. Sisi wa redio tunalisoma jambo hilo kwa namna yetu: anayetaka kuishika nchi huanza kwa kushika sauti yake. Huku bara mtu aliyekuwa na redio ya betri hakuweza kujua kwa hakika nani anatawala. Rais Julius Nyerere na Makamu wake Rashidi Kawawa waliondolewa Ikulu na walinzi na kuvushwa hadi Kigamboni, wakafichwa huko. Aliyebaki kuzungumza na askari wenye bunduki ni Oscar Kambona, waziri aliyekuwa na dhamana ya ulinzi na mambo ya nje. Maofisa Waingereza wakapandishwa ndege kwenda Nairobi. Mjini, hasa Magomeni, kulizuka uporaji, na zaidi ya watu kumi wakauawa.

Nyerere alijitokeza tena hadharani baada ya siku mbili, lakini jeshi halikuwa mikononi mwake. Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Januari 23 askari wa Uganda waliasi Jinja, na kesho yake wa Kenya wakaasi Lanet karibu na Nakuru. Dar es Salaam zilifika taarifa kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikuwa wanawasiliana na waasi. Serikali iliyokuwa inatafuta muda sasa iliona muda unakwisha.

Mtu wa Tunduma aliyetazama ng'ambo wiki hiyo aliona mambo mengine kabisa. Nakonde bado ilikuwa Rhodesia ya Kaskazini, chini ya Mwingereza, na Januari 22 Kenneth Kaunda aliapishwa kuwa Waziri Mkuu wake wa kwanza. Upande mmoja wa mpaka uhuru ulikuwa unakuja, na upande wa pili ulioupata kwanza ulikuwa unatetemeka.

Ombi la maandishi

Ijumaa Januari 24 Nyerere aliamua kuomba msaada wa jeshi la Uingereza. Waingereza walitaka ombi hilo liwe la maandishi, wakalipata. Kwa serikali ya London hilo halikuwa suala la makaratasi tu. Kuingiza askari katika nchi huru bila mwaliko kungeonekana dunia nzima kuwa ni ukoloni unarudi kwa mlango wa nyuma.

Meli zilikuwa zimekwisha kufika. Habari za maasi zilipojulikana, manowari kubwa ya kubeba ndege, HMS Centaur, ilikuwa Aden. Ilipakia makomando wa majini wa Kikosi cha 45, askari wapatao 600, pamoja na helikopta na magari madogo ya deraya, ikashika njia ya kusini kuja pwani ya Tanganyika. Cambrian ilikuwa msindikizaji wake. Zilisubiri baharini, mbali kiasi kwamba mtu aliyesimama ufukweni hakuziona. Ombi lilipotoka Ijumaa, Jumamosi alfajiri kazi ilikuwa tayari.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kuelewa kuhusu manowari. Sehemu kubwa ya utumishi wake ni kuwa karibu tu. Haihitaji ruhusa ya mtu kukaa bahari kuu, na haihitaji barabara. Kwa siku kadhaa Serikali ya Tanganyika ilijadili cha kufanya, huku jibu moja likiwa limeelea nje ya upeo wa macho, na London ikijua hivyo. Kama zisingekuwa karibu, pengine ombi lenyewe lisingekuwa na maana.

Kupiga bila kulenga mtu

Kambi ya Colito ilikuwa kando ya Barabara ya Bagamoyo, si mbali na bahari. Ndani mlikuwa na mamia ya askari waliofundishwa na Waingereza haohao, wenye bunduki. Mpango ulikuwa kuwashusha makomando kwa helikopta kwenye uwanja wa michezo, jirani kabisa na kambi. Helikopta ikitua ni shabaha nono: ina kelele, ni kubwa, na kwa sekunde kadhaa haiendi popote. Hapo ndipo Cambrian ilipopewa kazi.

Mtu anayelinda shamba la mahindi anaijua mbinu hii. Ukitaka kupita upande mmoja wa shamba bila nyani kukuona, mwenzako apige debe upande wa pili. Kulipopambazuka Cambrian ilifyatua makombora yaliyotegwa kupasuka hewani. Hayakulenga kambi wala nyumba za watu. Kishindo kilikuwa cha kweli na moshi ulikuwa wa kweli, na askari waliokuwa usingizini wakaelekeza masikio baharini. Wakati huohuo helikopta zilikuwa zinaingia, na makomando wa kwanza, kundi dogo la watu wapatao 60, walikuwa wanaruka chini.

Brigedia Douglas, aliyekuwa amejificha mjini tangu usiku wa maasi na kisha kupelekwa melini, alikuja nao. Alijua kila jengo la kambi. Askari walitakiwa kwa kipaza sauti wajisalimishe. Walipokaidi, makomando walipiga roketi moja kwenye nyumba ya walinzi langoni. Wanajeshi wachache waliuawa. Wengi wakaweka silaha chini, wengine wakakimbilia vichakani wakiwa na nguo za kulalia, na walikusanywa siku zilizofuata. Siku hiyohiyo makomando walifika Tabora kwa ndege, na batalioni ya huko ikasalimu amri bila mapigano.

Kwa hiyo jibu la swali la mwanzo ni hili: kambi haikuvunjwa kwa mizinga kwa sababu haikukusudiwa kuvunjwa. Makombora ya kilo 25 yangeweza kuua mamia ya vijana wa Kitanganyika katika dakika chache, wakiwamo ambao hawakuwa na habari na mipango ya viongozi wao. Umwagaji damu wa namna hiyo, kwa mizinga ya Mwingereza na kwa ombi la Rais wetu, sidhani serikali ingeweza kuueleza kwa wananchi. Meli ilipiga kelele, na kelele ikatosha.

Fedheha, na jeshi jipya

Nyerere hakujaribu kupamba jambo hili. Alieleza taifa kwamba yeye ndiye aliyeomba msaada, na hakuficha kwamba kwa nchi huru ilikuwa aibu. Februari aliwaita Dar es Salaam mawaziri wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika ili kutafuta askari wa Kiafrika wa kushika nafasi ya Waingereza. Nigeria ikakubali, na kikosi chake kilifika Aprili. Mwezi huohuo, Aprili 26, Tanganyika na Zanzibar ziliungana.

Tanganyika Rifles ilivunjwa. Viongozi wa maasi walifikishwa mahakama ya kijeshi, na aliyepata kifungo kirefu alifungwa miaka 15, adhabu ambayo wengi waliiona ndogo. Jeshi jipya liliundwa kwa vijana walioandikishwa kupitia Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa. Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, na mkuu wake wa kwanza akawa Mrisho Sarakikya, ofisa wa Tanganyika Rifles aliyebaki mtiifu. Kila Septemba 1 unaposikia sherehe za jeshi redioni, kumbuka kwamba mwaka ule mwezi Januari nchi haikuwa na jeshi la kuliamini.

Beira, Rhodesia na barabara yetu

Urafiki ule wa Januari haukufika mbali. Novemba 11, 1965 walowezi wa Rhodesia, leo Zimbabwe, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru bila ridhaa ya Waafrika walio wengi. Nchi za Afrika ziliitaka Uingereza iwazuie kwa nguvu. London ikakataa kupeleka jeshi. Desemba 1965 Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, chini ya miaka miwili baada ya Cambrian kupiga mizinga kwa ombi letu. Mtu anaweza kueleza tofauti za mambo haya mawili kwa hoja nyingi: Dar es Salaam serikali iliomba, Rhodesia kulikuwa na jeshi lenye nguvu na umbali wa bara. Hata hivyo Mwafrika wa kawaida aliona kitu kimoja. Askari weusi walioasi kwa ajili ya mshahara walizimwa kwa asubuhi moja, na walowezi weupe walioasi Malkia waliachwa.

Badala ya jeshi, Uingereza ilitumia tena manowari zake. Kuanzia Machi 1966 hadi 1975 zilizunguka nje ya bandari ya Beira, Msumbiji, kuzuia meli za mafuta ya Rhodesia. Rhodesia ilipata mafuta kwa njia nyingine. Aliyebanwa vibaya ni Zambia, ambayo mafuta na mizigo yake mingi ilikuwa inapita Rhodesia. Ghafla njia yake ya kupumulia ikawa ni Dar es Salaam, na mlango wa njia hiyo ukawa Tunduma.

Wazee wa Mbozi wanayakumbuka malori yaliyopita hapa yakiwa na mapipa ya mafuta kwenye barabara ya vumbi na tope, mengine yakiangukia mabondeni. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi. Barabara ikatiwa lami. Reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975, ikatuachia stesheni za Mlowo, Vwawa na Tunduma. Foleni ya malori unayoiona leo mpakani ilianza kwenye mgogoro uleule ambao manowari za Uingereza zilishindwa kuumaliza.

Mwisho wa Cambrian

Baada ya Dar es Salaam, Cambrian iliendelea na kazi kwenye bahari za mashariki, wakati Uingereza ikiisaidia Malaysia dhidi ya Indonesia. Kisha ikarudi kwao. Uingereza ilikuwa inafunga vituo vyake vya mashariki ya Suez kimoja baada ya kingine, na destroya za wakati wa vita hazikuhitajika tena. Mwaka 1971 iliuzwa kama chuma chakavu na kuvutwa hadi Briton Ferry kukatwa. Briton Ferry iko Wales, nchi ambayo meli hiyo ilibeba jina lake. Dada yake Cavalier amehifadhiwa Chatham, Uingereza, na anayefika huko anaweza kupanda sitahani na kuona mizinga ya inchi 4.5 kama ile iliyopigwa Dar.

Kambi nayo ilibadilishwa jina. Colito lilikuwa jina la mahali Ethiopia ambapo Keya walipigana na Waitaliano mwaka 1941. Sasa inaitwa Lugalo, na wengi wa mkoa wetu wanaijua kwa sababu ya hospitali yake ya jeshi. Lugalo yenyewe iko Iringa. Ukipanda basi Tunduma kwenda Dar es Salaam, baada ya kuiacha Iringa mjini utapita karibu na mahali ambapo Agosti 17, 1891 mashujaa wa Mkwawa waliuteketeza msafara wa Wajerumani wa Emil von Zelewski. Mnara wa kumbukumbu upo hapohapo, si mbali na barabara.